UZI: Inakuwaje chama cha mazingira kigome kuunga mkono kodi ya kaboni?

#1 Mwana wa Ukerewe
Wakuu, salaam.

Niko Kent, jimbo la Washington, mwaka wa 11 sasa. Nimeapa uraia majuzi na nasubiri bahasha yangu ya kwanza ya kura. Huku hakuna foleni ya kituoni. Karatasi inakuja kwa posta, unajaza mezani kwako, unatia saini kwenye bahasha, unairudisha kwa posta au unaitumbukiza kwenye sanduku la mtaani. Kuna na kijitabu kinacholeta hoja za pande zote. Na huchagui viongozi tu. Unapitisha au kuangusha sheria mwenyewe.

Katika kujiandaa nimekuwa nikisoma kura za nyuma. Mwaka 2016 wananchi walipelekewa I-732 (hiyo I ni pendekezo la sheria linaloletwa na wananchi wenyewe), kodi ya kaboni, yaani kodi ya moshi wa mafuta, gesi na makaa. Ingeanza kwa dola 15 kwa tani, mwaka unaofuata 25, halafu ipande polepole hadi 100. Nikajisemea hapa Sierra Club, chama cha mazingira cha tangu 1892, lazima kilikuwa mbele na bendera. Nikafungua kuona msimamo wao: hatuungi mkono. Nilirudia kusoma nikidhani nimekosea mstari. Kura ikaanguka, karibu 59 kati ya kila 100 walisema Hapana.

Mimi nimekulia kisiwani. Baba alikuwa mvuvi, najua ziwa likibadilika nyumbani kunakuwaje. Kwa hiyo siulizi kwa ushabiki. Nani anieleweshe hili? Na hizi orodha wanazotoa za "hii Ndiyo, ile Hapana", mtu azifuate au aachane nazo?

#2 Mzee Kibiriti
Fuata hela mkuu, utapata jibu. Kampuni za mafuta zilimwaga zaidi ya dola milioni 30 kuiangusha hiyo kodi, BP wakiwa vinara. Ukiona chama kinanyamaza penye fedha kama hizo, ujue kuna mkono umefika.

#3 Kobe
Kibiriti umechanganya miaka. Hizo milioni 30 na ushee ni za I-1631, kura nyingine ya kutoza kaboni, ya 2018. Ile vyama vya mazingira viliibeba, Sierra Club wakiwemo, na The Nature Conservancy walitoa fedha nyingi. Ikaanguka hata hivyo, zaidi ya asilimia 56 walisema Hapana. Mleta mada anauliza ya 2016, na mwaka huo watu wa mafuta hawakumwaga fedha za namna hiyo.

Pili, "hatuungi mkono" si sawa na "tunapinga". Walichagua maneno hayo kwa makusudi, maana ndani ya chama watu walikuwa wamegawanyika vibaya. Na si kwamba vyama vyote vilikaa pembeni: Audubon Washington, watu wa ndege, waliiunga mkono waziwazi. Mwanasayansi James Hansen naye aliiunga mkono.

Ugomvi ulikuwa juu ya fedha zikishakusanywa ziende wapi. I-732 ilitaka zirudi zote kwa wananchi: kodi ya mauzo ya jimbo ishuke kutoka asilimia 6.5 hadi 5.5, kodi ya viwanda ikatwe, na familia za kipato cha chini zipate hadi dola 1,500 kwa mwaka. Aliyekuwa kinara wake, mchumi Yoram Bauman, aliamini serikali isipobaki na hata senti, wahafidhina nao watakubali. Upande wa pili, yaani vyama vya wafanyakazi, vikundi vya watu weusi na wahamiaji na sehemu kubwa ya wanamazingira, ulitaka fedha ziwekezwe: mabasi, umeme wa jua, kuziba nyumba zisivuje joto, kusaidia mitaa iliyokaa kwenye moshi. Tena walilalamika kwamba muswada uliandikwa bila wao kuitwa mezani.

#4 Mwana wa Ukerewe
Asante Kobe. Lakini bado sijaridhika. Kama nyumba inaungua na jirani kaleta ndoo ya maji, unamwambia subiri kwanza tujadili ndoo imenunuliwa wapi?

#5 Kobe
Ndivyo walivyosema wengi mwaka ule. Ila kuna jambo jingine: ofisi ya bajeti ya jimbo ilikadiria I-732 ingepunguza mapato kwa karibu dola milioni 800 katika miaka 6 ya kwanza. Waandishi wake walipinga hesabu hiyo kwa nguvu. Lakini ukiwa chama cha walimu au cha wauguzi, ukisikia pengo la namna hiyo utashtuka. Wakati huohuo hili jimbo halitozi kodi ya mishahara, linaishi kwa kodi ya mauzo, na kodi ya mauzo humbana zaidi mwenye kipato kidogo. Kwa hiyo kuishusha nako kulikuwa kumsaidia maskini. Ukitaka kumtetea maskini kwenye kura ile ungeweza kusimama upande wowote na usikosee.

#6 Dereva wa Masafa
Maskini mnayemzungumzia ni mimi hapa. Nabeba makontena bandari ya Tacoma, lori ni langu, deni ni langu. Kodi ya kaboni ilianguka 2016, ikaanguka tena 2018. Wananchi wamekataa mara 2. Bunge la jimbo likaenda kupitisha sheria yake 2021, kampuni zinunue vibali vya kutoa moshi kwenye mnada, ikaanza kazi Januari 2023. Mwaka huo nilikuwa naangalia bei ya dizeli pampuni na kutikisa kichwa. Baba watoto analipa mafuta, kodi ya nyumba na karo ya chuo, halafu anatokea mtu na orodha ya rangi ya kijani anakwambia piga hivi.

2024 ikaja I-2117 ya kuifuta sheria hiyo. Nilipiga Ndiyo na sioni aibu. Tukashindwa, 62 kwa 38. Sawa, nimekubali. Lakini katika zile orodha sijawahi kuona wameandika dereva atafidiwa vipi.

#7 Simba Jike
Dereva, nakuheshimu, na najua deni la lori lilivyo, mume wangu wa kwanza aliuza lake kwa hasara. Lakini hilo lori linapita mbele ya mlango wa nani?

Nimeishi South Park, Seattle, kando ya mto Duwamish, miaka 6. Viwanda upande huu, barabara kuu upande ule, ndege kichwani. Mwanangu wa pili alianza kutumia pampu ya pumu akiwa na miaka 3. Usiku anakohoa, unakaa naye kitandani unahesabu pumzi. Siwezi kusema ni moshi wa lori fulani. Ila nilipohamia Renton mlimani, kikohozi kikapungua, na daktari hakushangaa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kodi ya moshi ikusanywe halafu irudishwe kwa viwanda kama punguzo, nami nikae na pampu yangu, namwambia hapana, hiyo si haki. Hawa waliogoma 2016 walikuwa wanasema ninachosema mimi. Ukerewe, ndoo umeiona, lakini uliza imemwagwa chumba gani.

#8 Dereva wa Masafa
Pole kwa mtoto dada. Hilo sina jibu lake. Nami nikipewa lori la umeme kesho nitalipanda. Bei yake umeiona lakini?

#9 Ochi wa Kisumu
Wacha niulize kama Mkenya. Kwani hao hawana matunda? Kura ya katiba ya 2005 sisi tulikuwa na ndizi na chungwa, ndizi ni Ndiyo, chungwa ni Hapana. 2010 ikawa kijani na nyekundu. Nyanya yangu hakusoma hata ukurasa mmoja wa katiba lakini alijua rangi yake.

Na ninavyokumbuka, 2010 kulikuwa na watu waliopenda sura ya ardhi wakachukia kifungu kingine, na ilikuwa upige yote au uache yote. Kipengele cha 42, haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, kilipita pamoja na mambo mengine mia. Kwa hivyo mimi sishangai chama kupenda nusu ya muswada na kukataa nusu. Shida ni kwamba karatasi ya kura haina sehemu ya kuandika "nusu".

#10 Mzee Kibiriti
Ochi umenena, hata sisi Zanzibar Julai 2010 ilikuwa swali moja tu la serikali ya umoja wa kitaifa, watu wakaelewa, zaidi ya asilimia 66 wakasema Ndiyo. Hao wa Marekani wanaletewa kurasa 40 za sheria. Nani anasoma?

Kobe nimekubali marekebisho ya miaka. Lakini hoja yangu ya hela siiondoi.

#11 Binti Tabora
Habari zenu. Niko Sacramento, na kazi yangu inahusu maji. Niwape mfano ambao kwangu una mafunzo kuliko hiyo kodi.

Novemba 2018 California ilipiga kura ya Pendekezo la 3, hatifungani, yaani mkopo wa jimbo, ya dola bilioni 8.877 kwa ajili ya maji: kulinda vyanzo, maji salama ya kunywa, makazi ya ndege na samaki. Jina zuri, picha nzuri. Baadhi ya vyama vya uhifadhi vikaiunga mkono. Sierra Club wa California wakasema Hapana.

Sababu? Ndani yake kulikuwa na dola milioni 750 za kukarabati miundombinu ya shirika la maji la Friant, hasa mfereji wa Friant-Kern, wenye urefu wa maili 152 upande wa mashariki wa bonde la San Joaquin. Mfereji ule umezama sehemu ya katikati. Umezama kwa sababu ardhi yenyewe inadidimia, na ardhi inadidimia kwa sababu mashamba makubwa yamevuta maji ya chini kwa visima miaka na miaka. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakishikilia udongo. Ukiyatoa, udongo unashikana, bonde linashuka, na mfereji unaoteremsha maji kwa mteremko mdogo sana unapata tumbo katikati. Maji hayapiti kama zamani.

Kwa hiyo swali likawa: aliyechimba visima alipe, au mlipa kodi wa Los Angeles na mwanafunzi wa Oakland walipe kwa miaka 40? Wapinzani waliona wanaonufaika ndio waliosaidia kuandika na kufadhili pendekezo. Ilianguka kwa tofauti ndogo sana, Hapana haikufika hata asilimia 51.

Nilikuwa mgeni wakati ule. Niliona neno "maji", nikakumbuka mama akiamka saa 9 usiku kwenda kisimani, nikataka kusema Ndiyo bila kusoma. Mwenzangu kazini ndiye aliyenifungulia ukurasa wa mfereji. Tangu siku hiyo natafuta kwanza jedwali la fedha, maneno mazuri nayasoma baadaye.

#12 Mwana wa Ukerewe
Binti Tabora, hii nimeisoma mara 2. Kwa hiyo wale wenye mashamba wakabaki na mfereji uliozama?

#13 Binti Tabora
Hapana, ukarabati ulikuja kupata fedha kwa njia nyingine, pamoja na wanaotumia maji kuchangia. Na niseme ukweli, kuna vijiji vya wafanyakazi wa mashamba, wengi Wamexico, ambao visima vyao vimekauka au vina sumu, na pendekezo lile lilikuwa na fedha zao pia. Kwao Hapana ile haikuwa ushindi. Hilo linanisumbua mpaka leo.

#14 Mutoto wa Bukavu
Bandugu, jambo. Miye niko Portland, jimbo la Maine. Wakongo, Warwanda, Warundi, Waangola tuko wengi huku, hata ndani ya basi unasikia Kiswahili na Lingala.

Yenu ni nyepesi. Sikieni ya kwetu. 2021 walituletea Swali la 1. Kampuni ya umeme ilikuwa inajenga njia ya nyaya kutoka mpaka wa Kanada, maili 145, na maili 53 zinapasua pori jipya upande wa magharibi. Umeme wa maji wa Hydro-Québec, kampuni ya umeme ya Kanada, megawati 1,200, unapita kwetu kwenda Massachusetts. Umeme bila moshi! Sasa Natural Resources Council of Maine, chama kikubwa cha mazingira hapa, wanasema njia isimamishwe. Conservation Law Foundation, nao watu wa mazingira, walikuwa wameunga mkono mradi. Na ukitaka kusimamisha unapiga Ndiyo. Ndiyo maana yake hapana! Kwa kanisa letu wazee walibishana saa nzima juu ya hilo neno tu.

Wa kwanza walisema pori ni kubwa, halijakatwakatwa, kuna samaki wa mito baridi, kuna paa wanajificha humo wakati wa theluji. Tena walisema hakuna hakika moshi utapungua, labda Québec watatoa umeme kwa mteja mmoja na kupeleka kwa mwingine. Wa pili walisema bila nyaya mitambo ya umeme wa gesi haitaondoka.

Franga zilizotumika katika kampeni zilipita dola milioni 90, Maine haijawahi kuona. Ndiyo ilishinda, asilimia 59. Halafu 2023 baraza la wazee wa mahakama likaamua kampuni ilikuwa imeshaanza ujenzi kwa nia njema, ina haki ya kuendelea. Kazi ikaanza tena mwaka uleule. Basi miye nauliza: kura yangu ilikwenda wapi?

#15 Mzee Kibiriti
Mutoto, taja na hela za upande wa Ndiyo. Zilitoka kwa NextEra, Calpine na Vistra, kampuni zinazouza umeme eneo hilo na ambazo zingepata mshindani. Wenye mitambo ya gesi wakalipia matangazo ya kulinda miti. Mnaona sasa?

#16 Kobe
Hilo ni kweli, na upande wa pili Hydro-Québec na Avangrid, wenye kampuni iliyokuwa inajenga njia, nao walilipia yao. Lakini haithibitishi kwamba chama cha mazingira kilinunuliwa. Kilikuwa kinapinga pori kupasuliwa tangu mwanzo wa mradi. Wawili wakienda soko moja haimaanishi wametumwa na mtu mmoja. BP waliopigana na I-1631 mwaka 2018 ndio haohao walioiunga mkono sheria ya vibali mwaka 2021. Kwa kipimo chako, mwaka 2021 BP walikuwa wanamazingira.

#17 Mzee Kibiriti
Mwaka 2021 walikuwa wameona mtindo wa vibali unawafaa kuliko kodi. Hela ileile, mlango mwingine.

#18 Shangazi Mwajuma
Hamjambo. Mimi nasoma kutoka Mombasa, binti yangu yuko Oakland, mwaka 2016 alinipigia simu kuhusu mifuko ya plastiki. Naomba mnisahihishe nikikosea.

Bunge la California lilishapitisha sheria ya kuondoa mifuko. Watengenezaji wa mifuko wakakusanya saini sheria isimame mpaka wananchi waulizwe. Hilo likawa Pendekezo la 67: Ndiyo ni kubakisha marufuku. Halafu watengenezaji haohao wakaleta na la 65, kwamba senti 10 anazolipa mteja kwa mfuko wa karatasi ziende kwenye mfuko wa fedha za mazingira badala ya kubaki kwa mwenye duka. Binti akaniambia, "Mama, hili la 65 linasema fedha kwa mazingira, lakini chama cha mazingira kinatuambia tujihadhari nalo." Nikamwambia mwanangu, mkono unaokuuzia sumu usiupokee dawa.

#19 Kobe
Shangazi umepatia. La 67 lilipita kwa asilimia 53 hivi, la 65 likaanguka. Nyongeza moja: marufuku ile iliacha mwanya wa mifuko minene iliyoitwa ya kutumia tena. Watu wakaitumia mara moja na kuitupa. Mwaka 2024 ikabidi sheria nyingine itungwe kuziba mwanya huo kuanzia 2026.

#20 Ochi wa Kisumu
Kwetu hakuna aliyeulizwa. 28 Agosti 2017 juala zikapigwa marufuku, faini hadi milioni 4 za Kenya, biashara ikaisha. Mama mboga alianza kufunga sukuma na gazeti siku hiyo hiyo.

#21 Simba Jike
Na Tanzania 1 Juni 2019, rambo zikaondoka. Rwanda walishatangulia tangu 2008. Lakini Ochi, nani alimuuliza huyo mama mboga? Huku angalau wameuliza.

#22 Ochi wa Kisumu
Waliuliza, na mwanya ukabaki miaka. Sijui lipi bora, nasema kweli.

#23 Wakili Msafiri
Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, shirika la hisani haliruhusiwi kabisa kumpigia debe mgombea. Kura ya sheria kama hizi ni jambo jingine. Huhesabiwa kama ushawishi wa kutunga sheria, na shirika la hisani linaruhusiwa kwa kiasi. Ndiyo maana mnaona hata mashirika ya utulivu yanatoa misimamo hapa. Sierra Club wenyewe wamesajiliwa kwa namna inayowapa uhuru mkubwa zaidi.

Tena misimamo hii kwa kawaida inapita kwenye kamati za wanachama wa kujitolea katika matawi ya majimbo. Watu 15 mezani, mmoja mpenda ndege, mwingine mtu wa vyama vya wafanyakazi, mwingine mhandisi. Kugawanyika kwao 2016 kulitoka kwenye meza kama hizo. Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo, si ya chama hicho. Tulibishana jioni 3 kuhusu neno moja, "kuunga mkono" au "kutopinga". Hakuna aliyetupa hata soda.

#24 Mzee Kibiriti
Wakili, jioni 3 kwa neno moja? Haya, kwa hilo la soda nimenyamaza. Kwa leo.

#25 Dereva wa Masafa
Swali kwa Wakili au Kobe. 2024 hiyohiyo kulikuwa na I-2066, ya kulinda gesi ya majumbani. Vyama vya mazingira vilisema Hapana, wananchi tukapitisha kwa zaidi ya asilimia 51. Mwaka 2025 jaji wa King County akaifuta. Sasa hili na la Mutoto wa Bukavu yana tofauti gani?

#26 Wakili Msafiri
La Maine lilihusu haki ya aliyekwisha kuanza kujenga. La kwenu lilihusu kanuni ya katiba ya Washington kwamba pendekezo moja libebe jambo moja tu. Jaji aliona limebeba zaidi, na rufaa ikapelekwa. Lakini naelewa uchungu wako. Kwa mpiga kura maumivu ni yaleyale.

#27 Mutoto wa Bukavu
Yaleyale kabisa.

#28 Mwana wa Ukerewe
Wakuu, nimewasoma wote. Simba Jike, ndoo yangu nimeiweka chini kwanza. Binti Tabora, nimechapisha maandishi ya I-732 yenyewe kwenye maktaba ya Kent, nimeanza na jedwali la fedha kama ulivyosema. Dereva, kama Jumamosi unapita bonde la Kent niambie, nataka unioneshe risiti zako za dizeli za 2022 na 2023, nizione kwa macho.

Swali dogo la mwisho: saini yangu ya leseni niliiweka miaka 9 iliyopita, sasa hivi nasaini tofauti kabisa. Bahasha yangu haitakataliwa?

#29 Kobe
Wanailinganisha na iliyo kwenye kumbukumbu zao. Ikitofautiana, kaunti itakutafuta urekebishe kabla matokeo hayajathibitishwa. Usipuuze barua yao. Na ukitumia posta, mhuri usipite siku ya uchaguzi. Ukichelewa nenda kwenye sanduku kabla ya saa 2 usiku.

#30 Dereva wa Masafa
Jumamosi saa 4 asubuhi nitakuwa Kent kushusha mzigo. Risiti ninazo zote, ziko kwenye kopo la Kimbo. Simba Jike naye aje kama ana nafasi.